Kiafrikaans na kazi za manispaa: maswali yenu

Safari hii maswali mengi yametoka kwa wasomaji walioko Western Cape, Afrika Kusini, mkoa ambao lugha zake rasmi ni Kiafrikaans, Kiingereza na Kixhosa. Nimechukua matano.

Shikamoo mwalimu. Nimefundishwa kwamba kitenzi cha Kiafrikaans hukaa nafasi ya pili, lakini barua za ofisini zinarundika vitenzi mwishoni. Nishike lipi?

Marahaba. Shika yote mawili. Katika sentensi kuu, kitenzi kinachobadilika hukaa nafasi ya pili hata kama kilichotangulia si kiima. *Ek koop brood*, nanunua mkate. Anza na "leo", kiima kitahamia nyuma ya kitenzi: *Vandag koop ek brood*. Sisi tunasema "leo nanunua mkate" bila kuhamisha chochote, maana nafsi imo ndani ya kitenzi. Wao hawana kiambishi cha nafsi: *ek loop, jy loop, hulle loop*, natembea, unatembea, wanatembea. Ndiyo maana nafasi ya neno inabeba uzito mkubwa namna hiyo.

Vitenzi vikiwa viwili, cha kwanza kinabaki pa pili na mwenzake anasukumwa mwisho: *Ek het gister brood by die winkel gekoop*, jana nilinunua mkate dukani. Shuleni huko watoto hukaririshwa neno STOMPI: kiima na kitenzi cha kwanza, halafu wakati, yambwa, namna, mahali, kitenzi cha pili, na kitenzi-jina. Linasaidia, ila halikufikishi kwenye barua zako, kwa sababu tatizo lako ni vishazi tegemezi. Baada ya *dat* (kwamba) au *omdat* (kwa sababu), hata kile kitenzi cha nafasi ya pili huenda mwisho: *Ek weet dat hy môre kom*, najua kwamba anakuja kesho. Ukiiacha *dat*, mpangilio unarudi kawaida: *Ek weet hy kom môre*.

*Want* na *omdat* zote zinatoa sababu, lakini ya kwanza haivurugi kitu: *want hy is siek*, dhidi ya *omdat hy siek is*, zote kwa sababu anaumwa. Mgeni atumie *want* mpaka azoee. Hakuna atakayemcheka.

Mbona "nie", neno lao la kukanusha, huja mara mbili?

Ya pili inafunga sentensi: *Ek praat nie Engels nie*, sisemi Kiingereza. Kama baada ya ya kwanza hakuna kilichobaki, moja inatosha: *Ek weet nie*, sijui. Na hata mkanusho ukitoka kwenye neno jingine, ile ya mwisho bado inadaiwa: *Niemand het gekom nie*, hakuna aliyekuja. Usiwashangae sana. Sisi wenyewe kwenye "hasomi" tunakanusha mbele kwa ha- na nyuma kwa -i.

Ni kweli Kiafrikaans kiliwahi kuandikwa kwa herufi za Kiarabu?

Kweli kabisa. Kitabu cha fiqhi cha Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa Cape Town na dola ya Uthmaniya, kilichapwa Istanbul mwaka 1877 kwa Kiafrikaans cha herufi za Kiarabu. Waislamu wa Cape wengi walikuwa Mashafii, kama wa pwani yetu. Yeye alifundisha Kihanafi, na mizozo haikukosekana.

Tangazo la manispaa lilisema "Die pad word gebou". Jipya linasema "Die pad is gebou". Jirani yangu anayejua Kiingereza anasisitiza bado wanajenga.

Jirani kaponzwa na *is* ya Kiingereza, ambayo ni ya wakati uliopo. *Word gebou* ni inajengwa. *Is gebou* ni ilijengwa au imejengwa. Ya kuangalia kwa makini ni *sal gebou word*, itajengwa. Ukiikuta, nenda kwa diwani wa kata yako, *raadslid*, umuulize barabara hiyo imo kwenye bajeti ya mwaka gani.

Nimeajiriwa kitengo cha ufundi katika manispaa ndogo. Mkuu anataka tuanzishe usimamizi wa miradi, na la kwanza alilotaja ni kununua programu ya kompyuta. Tuanzie wapi?

Anzeni na kalenda. Mwaka wa fedha wa manispaa za Afrika Kusini huanza 1 Julai, kama ilivyo kwa serikali za Tanzania na Kenya. Rasimu ya bajeti lazima ifike barazani siku 90 kabla, yaani mwisho wa Machi. Ofisi nyingi husubiri Julai ndipo waanze kuandika nyaraka za zabuni. Tangazo lenyewe linataka siku zisizopungua 14, au 30 kwa kazi inayozidi randi milioni 10. Bado tathmini, bado rufaa. Mkandarasi akipatikana ni Novemba, na katikati ya Desemba mafundi wote wanakwenda likizo. Mnaingia Januari na nusu mwaka umekwisha, huku ruzuku ya masharti isiyotumika ikitakiwa kurudi hazina ya taifa, isipokuwa mkiruhusiwa kuivusha mwaka unaofuata.

Kwa hiyo michoro na nyaraka za zabuni ziandaliwe kuanzia Machi, rasimu ikishasomwa.

La pili, kila mradi uwe na mtu mmoja anayeujibia, kwa jina, kuanzia usanifu mpaka makabidhiano. Nimeona kwenye ofisi za umma mradi ukiwa wa mhandisi, wa mhasibu na wa watu wa manunuzi kwa pamoja. Ukikwama, kila mmoja anamwonyesha mwenzake. Mkipata ruzuku ya miundombinu ya manispaa, MIG, sehemu yake inaruhusiwa kugharamia kitengo cha usimamizi wa miradi. Ulizeni hilo kabla ya kuomba fedha kwingine.

La tatu, msibuni miradi mipya. Ichukueni kutoka mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano, ambao sheria ya mwaka 2000 inalazimisha kila manispaa kuwa nao. Kwenye makaratasi ya Kiafrikaans utaukuta kama GOP. Mradi usiomo humo utakosa bajeti, na kamati ya kata itawauliza umetoka wapi.

Programu isubiri mwaka wa pili. Kwa miradi michache ya manispaa ndogo, jedwali la kawaida linalosasishwa kila Ijumaa linatosha.