Ile picha ya chakula cha Trapani

Mwezi wa kumi mwaka jana niliweka picha moja kwenye kundi la familia: bakuli la udongo, kuskusi imechambuka punje punje, samaki juu yake, na nyuma dirisha linaloonyesha bahari. Mpwa wangu wa Tanga akaandika, "Mamdogo unakula bata tu huko Ulaya, sisi utatuita lini?" Tangu siku hiyo swali hilo linanijia kila mara, kwa watoto wa majirani, kwa niliosoma nao, hata kwa watu ninaowafahamu kwa mbali. Huwa najibu "tunamshukuru Mungu" nikanyamaza. Leo nataka kujibu sawasawa.

Naishi Ujerumani, mwaka wa tisa huu, mji wa viwanda upande wa magharibi. Kazi yangu ni kutunza wazee: kuwaogesha, kuwavalisha, kuwalisha, kuwageuza kitandani wasitoke vidonda. Kwenye kila euro 100 zilizoandikwa kwenye karatasi ya mshahara, zinazonifikia ni kama 70. Zilizobaki ni kodi ya serikali, bima ya afya, pensheni. Halafu kuna pango na umeme, na ada ya redio na televisheni, euro 18 na senti 36 kwa mwezi, uwe na televisheni usiwe nayo. Sisemi nadhulumiwa. Nilipovunjika mkono nililala nyumbani wiki sita na mshahara ukaingia wote, na hospitali hakuna aliyeniuliza pesa kabla ya kunitibu. Hayo ni makubwa, na anayeyabeza hajawahi kuuguza mtu kwa mchango wa ukoo.

Kinachonichosha mimi huku ni chakula cha usiku. Wajerumani wengi jioni hawapiki. Ni mkate, jibini na vipande vya nyama baridi, basi. Zamu ya jioni mimi ndiye ninayewapakia wazee siagi kwenye mkate na kuukata vipande vidogo vidogo, saa kumi na moja na nusu. Nikifika kwangu saa nne usiku nasonga ugali wa suji, maana unga wa sembe ni wa kuagiza na bei yake si ya kila siku. Nakula nimeisimamisha simu kwenye kopo la chumvi, ili nione sura ya mtu. Nikitoka na wenzangu wa kazini, na ni watu wema kabisa, mhudumu akija na hesabu huuliza: pamoja, au kila mtu na lake? Kila mtu na lake. Najua ni desturi yao, wala si uchoyo. Lakini mimi nimelelewa kwenye sinia, watoto sita, na mama akikusogezea kipande cha changu upande wako ukijifanya hukuona. Miaka tisa haijaniondolea hilo.

Sasa Trapani. Ni mji wa bandari, magharibi kabisa ya Sisilia, Italia. Nilikwenda siku nne kwa pesa niliyoiweka kidogo kidogo tangu Januari, tiketi ya bei ya chini iliyonunuliwa miezi mitano kabla, begi moja la kuingia chini ya kiti. Kilichonivuta ni mashamba ya chumvi ya kule, madimbwi ya mraba yanayofuatana kuelekea Marsala na vilima vyeupe kando yake, nikaona kama pwani ya kwetu.

Siku ya pili nilizunguka huko tangu asubuhi, nikarudi mjini saa tisa mchana, njaa imenishika. Waitaliano jiko la mchana likishafungwa, hupati kitu mpaka usiku. Mlango wa nne niliosukuma ulikuwa wa mgahawa mdogo, meza nane, viti vingine vimeshapinduliwa juu ya meza. Wenyewe ndio walikuwa wanakula: bibi, mumewe, mtoto wao wa kiume na mkewe, wajukuu wawili. Kijana akanyanyuka kuniambia wamefunga. Bibi hakunyanyuka wala hakusema neno. Alivuta kiti kilichokuwa karibu naye, akakipiga kwa kiganja mara mbili.

Walikuwa wanakula kuskusi ya samaki, kule wanaiita cùscusu. Ni chakula cha watu wa Tunisia, kama kilomita 150 tu ng'ambo ya bahari, na watu wa Trapani wamekifanya chao. Nikauliza kama kuna mvinyo ndani, bibi akatikisa kidole: hakuna. Mchuzi ulikuwa wa samaki wadogo wa miambani, umechujwa miiba, una nyanya na vitunguu na lozi zilizotwangwa pamoja na saumu. Kijiko cha kwanza nikakutana na mdalasini. Ghafla nikawa uani kwa mama siku ya maulidi, moshi wa kuni, pilau inaiva. Macho yakanijaa maji. Mjukuu mmoja akanisogezea glasi yake.

Mzee akanisemesha Kijerumani. Mwaka 1955 Italia na Ujerumani Magharibi zilitiliana saini mkataba wa wafanyakazi, na Waitaliano wakaenda kwa malaki. Yeye alikwenda 1964, kiwanda cha magari, akakaa miaka 11. Hakuniuliza nafanya kazi gani wala napata kiasi gani. Aliniuliza, "Huko unakula na nani?"

Nikamweleza habari ya simu na kopo la chumvi. Akaweka kijiko chini. Akanisimulia mabanda waliyolala, kitanda juu ya kitanda, mkate na soseji ya kopo, na jinsi kila Jumapili alivyomwandikia mama yake kwamba anakula nyama kila siku. Mama yake akawasomea majirani barua zile. Mwaka wa pili mdogo wake akamfuata. Usiku wa kwanza kambini kijana yule akatazama meza, akauliza, "Nyama iko wapi?" Mzee alilitamka swali hilo kwa Kiitaliano, na bibi naye akaacha kula.

Baadaye bibi alinipeleka jikoni, alikuwa anaandaa ya usiku. Beseni pana la udongo, suji kidogo, matone ya maji kutoka ncha za vidole, mkono unazunguka vidole vimetanuliwa, na unga unajikusanya punje punje. Chungu cha juu kina matundu, na pale kinapokalia kile cha chini anaziba kwa kinyunga ili mvuke usitoke. Ikiiva inamwagiwa mchuzi na kufunikwa blanketi la sufu itulie. Suji ile ile ninayosongea ugali wangu.

Kule wanakutoza pia kiti ulichokalia, kama euro mbili, na kijana aliiandika kwenye hesabu. Bibi alimnyang'anya kalamu akaufuta mstari huo. Chakula nililipa, na nilitaka kulipa, ndiyo riziki yao.

Basi mwanangu, jibu langu ni hili. Kuja, njoo. Anza Kijerumani huko huko, Goethe-Institut, taasisi ya kufundisha Kijerumani, wapo Dar es Salaam, ufike B2, ngazi ya nne kati ya sita za lugha, kwa sababu bila lugha utaishi kama bubu. Mafunzo ya uuguzi ni miaka 3 na unalipwa ukiwa unasoma. Zile siku nne za Trapani ndizo zilizokuwa kwenye picha. Jumapili hii nitatuma picha ya meza yangu ya siku zote, na kopo la chumvi utaliona. Na siku utakayofika, hata iwe saa saba ya usiku, utanikuta nimepika pilau, na sinia litakuwa moja.