Mwanangu, sapavaiza wako ni nani?

Mwanangu, marahaba. Voisi yako nimeisikia. Unauliza hiyo kampuni inawajali au inawaigizia, maana wamewapeleka timu bildingi Bagamoyo, wamewapa tisheti na namba ya mshauri nasaha, alafu Jumatatu unarudi kwenye hedifoni kupokea simu za wateja, hata dakika za chooni zinahesabiwa. Sasa mbona sapavaiza wako hujamtaja kabisa?

Unakumbuka tulipokaa kota za hospitali, baba yenu safarini, mie naingia naiti leba. Usiku mmoja tukampoteza mama wa watu, alitoka damu sana baada ya kujifungua, benki ya damu hakuna grupu lake, na wodi nzima tuko wawili. Asubuhi kwenye ripoti daktari akaninyooshea kidole mbele ya watu, hadi wanafunzi wapo, eti nesi ulikuwa wapi, na mimi viatu bado vina damu. Sista inchaji, msimamizi wetu wa wodi, yule mliyekuwa mnamwita bibi visheti, akasimama akasema ratiba nimepanga mimi, watu wawili nimeweka mimi, niulizeni mimi. Kisha akanishika mkono tukaenda kunywa chai. Mei Mosi iliyofuata nikapewa cheti cha mfanyakazi hodari na bahasha, pesa ya bahasha hata siikumbuki, ila yale maneno ninayo mpaka leo. Na yule daktari hajaniomba radhi, tukikutana msibani ananichangamkia kama hamna kitu!

Ndo maana nasema kila siku, uchovu wa kazi ukilala unaisha, uchovu wa watu hauishi. Ingawa hapo najibishana mwenyewe, maana ratiba ya wiki iliyofuata ilitoka watu wawili vilevile, wema wa sista haukutuletea nesi wa tatu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 walisema wazi hali hiyo ya kuishiwa nguvu, wenyewe wanaiita burnout, inatoka kazini, kwa mkazo wa muda mrefu usioshughulikiwa, na hawakuiita ugonjwa. Sasa mshauri nasaha atakufundisha kupumua, dakika za chooni atazirekebisha nani?

Uache usiache sisemi, baba yako kanikataza, ila mdomo unaniwasha. Hebu niambie kwanza, likizo sheria inakupa siku 28 kwa mwaka, umeshachukua ngapi? Na siku ile mteja alivyokutukana, kuna mtu hapo ofisini alikuja kukuuliza chochote?