Maswali ya Wasomaji: Sala ya Pamoja Wodini, Mezani na Karakanani

Tumelazwa wodi moja watu sita: Wakatoliki wawili, Mlutheri, Wapentekoste wawili na Msabato. Kila jioni tunasali pamoja, lakini tukifika Baba Yetu tunavurugana. Tufanyeje?

Pole kwa maradhi, na hongereni kwa kusali. Mnavurugana kwa sababu mnatumia tafsiri mbili. Mkatoliki husema "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike", jirani yake "ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe". Mmoja anaomba mkate, mwingine riziki. Kisha Mkatoliki anafunga kwa Amina baada ya "utuopoe maovuni", wakati wenzake ndio kwanza wanaingia "kwa kuwa ufalme ni wako". Maneno hayo ya mwisho Mkatoliki naye anayo, ila katika Misa yanakuja baada ya sala fupi ya padri, ndiyo maana mdomo wake umezoea kunyamaza hapo.

Msitunge tafsiri ya tatu. Hakuna atakayeikumbuka usiku akiwa na maumivu. Leo mmoja aongoze kwa maneno ya kanisa lake, fungu kwa fungu, wengine wamfuate. Kesho aongoze mwingine. Kuomba kwa maneno ya mwenzako kunakufundisha kumsikiliza, na kwetu sisi hilo lina uzito kuliko kwenda sauti moja.

Sala yote isizidi dakika kumi, maana mgonjwa huchoka upesi. Anzeni na kimya cha dakika moja, halafu zaburi, halafu kila mtu ombi la sentensi moja, kisha Baba Yetu. Masomo yachukuliwe katika vitabu 66 ambavyo nyote mnavyo. Biblia ya Kikatoliki ina saba zaidi katika Agano la Kale. Zaburi itajeni kwa maneno yake ya kwanza, si kwa namba: ile ya Bwana mchungaji wangu ni ya 23 katika Biblia nyingi, lakini vitabu vinavyofuata hesabu ya tafsiri ya kale ya Kigiriki vinaiita ya 22. Ijumaa mwombeni Msabato aongoze, kwa kuwa kwake Sabato inaanza jua linapozama.

Sala za wodini huharibiwa na mambo yale yale. Ombi linageuka mahubiri. Ugonjwa wa mtu unatangazwa kwa jina bila ruhusa yake. Mtu "anaombewa" aache kanisa lake, au anaambiwa kutumia dawa ni kukosa imani. Hilo la mwisho likataeni palepale, kwa upole lakini bila kuyumba. Mwombeni muuguzi awapangie muda usiogongana na zamu ya dawa. Msiwashe mshumaa kabisa: penye oksijeni, cheche ndogo hulipuka kuwa moto mkubwa. Asiyetaka kusali aachwe alale. Na Mkatoliki akitaka rozari yake, aisali baadaye kimya. Asidaiwe kuikana ili akubalike.

Kwenye mafungo ya makanisa manne tumekubaliana sote tushiriki Meza ya Bwana. Kuna ubaya?

Nia ni njema, lakini jambo hili halipigiwi kura mafungoni. Wakatoliki na Waorthodoksi kwa kawaida hawashiriki komunyo na makanisa mengine, kwa kuwa kwao Meza ni alama ya umoja uliokwisha kamilika. Makanisa mengi ya Kiprotestanti humkaribisha kila aliyebatizwa. Mkiwasukuma watu, mmoja atakula huku dhamiri ikimsuta, mwingine atajiona amefukuzwa.

Fanyeni mnaloweza kwa ukweli: wekeni bakuli la maji katikati, mmshukuru Mungu kwa ubatizo. Semeni "kushukuru", si "kurudia"; wapo wasiokubali ubatizo wa watoto wachanga, na neno "kurudia" litafungua mjadala usiokwisha siku hiyo. Uchungu wa kutokula pamoja msiufunike kwa wimbo. Upelekeni katika sala kama ulivyo.

Mchungaji wetu anasema umoja ni kazi ya maaskofu, si yetu. Ni kweli?

Maaskofu wana sehemu yao, na wamefanya. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, yaani jinsi Mungu anavyomkubali mwenye dhambi, jambo lililowatenga tangu karne ya 16. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006.

Lakini angalia ni wapi umoja ulitangulia. Kati ya 1885 na 1887 mashahidi wa imani 45 waliuawa Uganda chini ya Kabaka (mfalme) Mwanga wa Buganda, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Pale Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja, wakati wamisionari waliowafundisha walikuwa wakishindana. Tarehe 10 Novemba 1943, gerezani Hamburg, Ujerumani, chini ya utawala wa Wanazi, mapadri wa Kikatoliki Johannes Prassek, Eduard Müller na Hermann Lange pamoja na mchungaji Mlutheri Karl Friedrich Stellbrink walikatwa vichwa mmoja baada ya mwingine, kwa dakika chache tu. Hawa hawakusubiri kikao.

Mchungaji wako mwendee na ombi dogo: jioni moja katika Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, tarehe 18 hadi 25 Januari. Tangu 1968 masomo yake yanaandaliwa kwa pamoja na Vatikani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, kwa hiyo hatakuwa anabuni kitu kigeni.

Nafanya kazi karakanani, kelele kutwa. Nikisali sihisi chochote. Mungu yupo humu?

Yupo. Yakobo alikuwa mkimbizi, jiwe ndio mto wake, alipoamka na kusema, "Kweli Bwana yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Hakuwa amehisi lolote alipolala. Kwa hiyo usipime sala kwa hisia.

Sala yako ifunge kwenye kitendo ambacho tayari unakifanya. Kila unapozima mashine, ikishasimama kabisa, vuta pumzi ukisema moyoni "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu", itoe ukisema "unihurumie mimi mwenye dhambi". Mara tatu zinatosha. Ni sala ya kale ya Wakristo wa Mashariki, na haihitaji ufumbe macho. Mashine ikizunguka, macho na akili viwe kwenye kazi. Hapo uangalifu wako ndio upendo kwa aliye pembeni yako.

Jioni tenga dakika tano, ujiulize ni nani leo alikufanyia wema usioutarajia, na wewe ulimpita nani. Ukigundua ulisahau siku nzima, usikae kulipa deni la sala zote. Anza mashine itakapozimwa tena.