Una PPL (leseni ya rubani wa binafsi), umepita miaka 45 na unataka kuwa mwalimu wa urubani: kapime medikali kwanza

Ndugu yangu umeuliza una PPL, miaka 47, uko kazini pale Kilindini na ukistaafu unataka kufundisha watu kuruka, sasa ufukuzie ATPL (leseni ya juu, ya rubani wa ndege kubwa za abiria), ruhusa ya ndege za injini mbili ama nini. Mimi njia hiyo nimeipita watoto wakiwa washaingia sekondari, na leo nafundisha, basi nakwambia nilivyoona.

Kabla hujalipa hata shilingi ya masomo nenda kapime medikali (cheti cha afya cha rubani) ya daraja la kwanza. Hiyo ya PPL ni daraja la pili, kwa umri wako inashika miaka 2, ukifika 50 ni kila mwaka. CPL (leseni ya rubani wa kulipwa, ndiyo utakayohitaji kufundisha) yataka daraja la kwanza, kila mwaka. Nimeona watu wamemaliza masaa yote ya kuruka halafu presha ama sukari ikawazuia kwa daktari, na inauma sana kumtazama mtu mzima akitoka pale. Ile miaka 65 watu wanayotishia kuwa ndio mwisho ni ya marubani wa ndege za kibiashara, kufundisha ni kando.

ATPL achana nayo, ni masaa 1,500 na wewe huendi kurusha Boeing. Injini mbili pia si ya sasa, saa yake ni ghali na mwanafunzi wa PPL anaanzia Cessna ya injini moja. Wewe tafuta CPL ya injini moja, ni masaa 200, na ndani yake 100 uwe kapteni mwenyewe, pamoja na safari moja ya maili 300 za baharini (nautical) ukitua viwanja viwili tofauti (Mombasa Lamu na kurudi haifiki, usijidanganye). Ukipata pesa ongeza IR (ruhusa ya kuruka kwa kufuata vyombo bila kuona nje) maana huwezi kumfundisha mtu kitu ambacho huna. Na hao wanaosema PPL yatosha kufundisha wamesoma mambo ya Ulaya, na hata huko lazima upasi mitihani ya nadharia ya CPL. Hapa leseni ni ya KCAA (mamlaka ya anga ya Kenya), panga na CPL.

Pesa uliyookoa kwenye injini mbili iweke kwa retingi ya ualimu (ruhusa ya kufundisha inayoongezwa kwenye leseni), na hapo chagua mwalimu, usichague bei. Unahamia kiti cha kulia, mikono inabadilishana kazi, mdomo unaeleza huku ndege inashuka, na mwanafunzi anavuta usukani mapema wakati wa kugusa lami nawe lazima ujue umwache mpaka wapi ndio ajifunze na wapi uchukue ndege. Hilo halimo kwenye kitabu, unalipata kwa kukaa na mtu aliyefundisha miaka, anajifanya mwanafunzi na kukosea makusudi mpaka uzoee. Na hapa umri wako ni faida kubwa, mtu aliyelea watoto na kusimamia vijana kazini hapandishi sauti ovyo, mwanafunzi akitulia anashika haraka.

Pia fanya mazoezi ya kurusha ndege kote kuwili, uwanja wa Wilson kule Nairobi na huku kwetu Mombasa. Wilson iko kama futi 5,500 juu ya bahari, ndege ile ile inayopanda vizuri hapa uwanja wa Moi, kule mchana wa jua inakula lami ndefu na kupanda kwa uvivu, mwalimu awe ameyahisi mwenyewe.

Hebu niandikie masaa yako ya ukapteni yamefika mangapi na medikali ya mwisho ulipima lini, tuanze kupanga kutoka hapo.