Je, ni Lazima Biashara Ikue Kila Mwaka?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni mafundi seremala tunaomiliki karakana kwa pamoja. Kila tunapoomba mkopo tunaulizwa tutakua kwa kiasi gani. Je, ni lazima tukue?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, si lazima. Shinikizo la kukua hutokana zaidi na mwenye mtaji anayedai gawio linaloongezeka. Kwa hiyo tazameni kwanza nani anamiliki na faida inakwenda wapi. Huko Mondragon, Hispania, kwenye mtandao wa vyama vya ushirika vya wafanyakazi ambao ushirika wake wa kwanza wa kiwanda ulianza mwaka 1956, kila mfanyakazi mwanachama ana kura moja bila kujali mtaji wake, tofauti ya malipo ina ukomo, na sehemu ya faida huwekwa katika akiba isiyogawanywa. Fagor, kampuni ya vifaa vya nyumbani ya mtandao huo iliyojipanua hadi kununua Brandt ya Ufaransa mwaka 2005, ilifilisika mwaka 2013, lakini wanachama wake wengi walipokewa na vyama vingine vya mtandao huo, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hesabu yoyote ya mauzo. Katika masharti yenu andikeni sehemu ya faida itakayotumika kukarabati randa na misumeno kabla ya kugawana chochote, na muepuke mkopo ambao riba yake itawalazimisha kuuza kuliko mnavyoweza kutengeneza kwa ubora.