Re: Uvimbe mkubwa kwenye kizazi, wameniambia nitoe chote

Pole dada. Kama uvimbe una sentimita 11 na mtoto bado unataka, usisaini kutolewa kizazi kabla hujauliza kama wanaweza kutoa uvimbe tu wakakiacha, inafanyika sana tu. Ila kwanza pima wingi wa damu, maana mtu anabadilisha pedi kila saa, viganja vyeupe pee, wanakuongezea damu kwanza ndo wapasue. Hapo hospitali ya Maweni, Kigoma, muone bingwa wa akina mama, beba na picha za utrasaundi. Sindano za kuusinyaza zipo, ukiacha unakua tena. Zile chupa za kuyeyusha uvimbe wanazouza stendi (kha!) achana nazo, hiyo hela ni nauli ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Halafu ukija kushika mimba waambie kliniki mapema ulishapasuliwa, mara nyingi utajifungua kwa operesheni.