Imba kwanza, sarufi itakuja

Walimu wengi wa lugha huuweka wimbo mwishoni mwa kipindi, dakika chache zikiwa zimebaki, ili wanafunzi wachangamke kabla ya kwenda zao. Mimi nafundisha Kiswahili wageni watu wazima hapa Unguja, na nakushauri ufanye kinyume: anza na wimbo, tena usieleze neno hata moja mpaka wameuimba wakauzoea.

Chukua "Ukuti ukuti". Aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa: mikono imeshikana, duara linazunguka, ukuti wa mnazi ukipata upepo watetemeka, na kila aliyemo anatetemeka nao. Nawatoa nje, tunacheza, hata wenye mvi. Ile "ukipata" ina -ki- ya masharti, ambayo vitabu vingi huisogeza mbele, baada ya nyakati zote kuu, na jedwali lake juu. Mwanafunzi wangu anakuwa ameshaiimba bila kujua kama ni sarufi. Nikimwambia baadaye "ukipata nafasi, njoo", anaitika tu. Halafu kuna "watetemeka". Lazima mmoja ataniuliza: hao wanaotetemeka ni akina nani? Hapo ndipo ninaposhika chaki. Si wao, ni ukuti mmoja tu: u- yake imekutana na -a- ya wakati, ikawa wa-. Swali limetoka kwake mwenyewe, kwa hiyo jibu linakaa.

Wimbo usiuchague kwa kuwa unaupenda. Uchague kwa kuwa una umbo linalojirudia, umbo ambalo wanafunzi wanalihitaji wiki hiyo. "Malaika" wageni wengi wameusikia kwa sauti ya Miriam Makeba kabla hawajajua Kiswahili chochote. Mimi nautakia "ningekuoa": mtendaji, -nge- na mtendewa vyote ndani ya neno moja. Tukishauzoea, tunabakiza mahadhi na kubadili kitenzi: ningekupikia, ningekungoja, ningekukopesha. Silabi zikizidi, tunazibana. Hilo la kukopesha huleta kicheko, maana anayeimba ndiye huyohuyo analalamika hana mali.

Lakini nyimbo hazikutungwa kwa ajili ya darasa. "Mabata madogodogo yanaogelea" kila mtoto anaujua, na mimi nimetoka tu kufundisha kwamba viumbe hai huchukua a- na wa-: bata wadogo wanaogelea. Wapo walimu wanaouepuka kwa sababu hiyo. Mimi naona huo ndio wa kufundishwa. Andika sentensi zote mbili ubaoni, waache wabishane ipi ya kwenye mtihani na ipi ya kuimbia mtoto. Watoto wetu wameukuta wimbo huo na wameuacha, na sijamsikia hata mmoja akishindwa kusema "bata wangu amepotea".

Linalonisumbua zaidi ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Wimbo unafuata mapigo yake, na irabu ya mwisho inavutwa mpaka pumzi iishe. Mtu aliyejifunza kwa nyimbo peke yake utamtambua akiagiza chai. Kwa hiyo mkimaliza kuimba, yasemeni maneno yaleyale bila mahadhi, mtu na jirani yake, kama wanaopiga soga barazani. Usiiruke hatua hii hata kama muda umekwisha.

Nyumbani, wimbo mmoja kwa wiki nzima unatosha. Uimbe ukiosha vyombo, ukipiga pasi, ukingoja daladala (moyoni, kama una haya). Wanaoanza nawapa muziki wa dansi wa zamani, Mbaraka Mwinshehe na wenzake: beti zinakwenda taratibu, neno linasikika lote, kisa kina mwanzo na mwisho. Magitaa yakishaingia kwenye chemko, acha kusikiliza maneno, cheza. Bongo Fleva isubiri kidogo. Si kwamba ni mbaya, ila misimu yake hubadilika upesi, na mgeni ataliokota neno la vijiweni aende kumwamkia nalo bibi wa watu. Singeli, jamani, kasi ile hata mimi inanipita.

Taarab naiweka mwisho kabisa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, aliimba Kiswahili ambacho hata leo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kukisoma kwenye karatasi. Maneno si magumu. Kigumu ni kujua anasemwa nani. Hapo kamusi haisaidii, wala simu. Nikiwapeleka wanafunzi kwenye taarab, nawaambia waache kutafsiri, wawatazame akina mama. Mwimbaji akifika kwenye ubeti fulani, utamwona mmoja anainuka, khanga mabegani, noti mkononi, anakwenda kutunza kwa mwendo wa maringo huku akitupa jicho upande mmoja wa ukumbi. Ubeti huo una lake. Kazi ya nyumbani ni moja: ubeti gani umewainua wengi? Uandike hata kama hukuuelewa, uje nao darasani, na kabla sijasema kitu utatueleza wewe yule mama alikuwa akimtazama nani.